Kadi za Dada Zilizokataa Kukauka

Mama alitoa hukumu yake siku ile ile posa ilipopokelewa: mwanamke anayeolewa mara ya pili hachapiwi kadi. Shangazi atapita nyumba kwa nyumba, atabisha hodi, atasema mnaalikwa, watu watakuja, watakula wali, basi. Kadi ni za wanawari. Dada yangu, aliyerudi kukaa kwetu alipoachwa, miaka mitatu nyuma, hakubishana. Alinifuata jikoni nikikuna nazi, akaninong'oneza, "Miye nataka kadi. Zenye jina langu."

Nami kwa kiherehere changu nikamwahidi atazipata kabla ya Ijumaa. Baada ya sala ya Ijumaa ndipo wanaume wangezigawa, na harusi yenyewe ilikuwa wiki inayofuata.

Kiherehere changu kilikuwa na sababu. Nilifanya kazi kwenye kiduka cha uchapaji pale Tibirinzi, kwa mzee mmoja aliyekuwa na mashine ya mkono, ndogo, inayokaa juu ya meza. Unapanga herufi za madini ya risasi moja moja kwenye fremu, unavuta mpini, rola mbili zinapita kwenye sahani ya wino, zinashuka kupaka herufi, kisha karatasi inabanwa. Mzee aliiendesha huku akivuta uradi. Mimi niliiendesha huku nikiitukana kimoyomoyo.

Wiki ile mzee alikuwa Makangale kwenye hitima ya mjomba wake. Aliniachia ufunguo na onyo moja tu: nisitie wino mwingi.

Nikatia wino mwingi. Kwenye kadi ya kwanza matundu ya herufi yote yaliziba, jina la dada likawa kama kunguni waliopondwa ukutani. Nikafuta sahani, nikapunguza. Kadi ya pili ikatoka nyeusi tititi upande wa kushoto, na kulia imepauka. Nikainama hadi shavu likagusa meza, nikaona kwamba upande wa kulia rola zilikuwa zikipita juu juu bila ya kuzigusa herufi. Nikabandua utepe uliobandikwa kwenye reli inayopitiwa na rola upande huo, rola zikashuka zikakaa sawa. Kadi ya tatu ikaja na mstari mweupe katikati. Hilo nalo kosa langu: rola moja niliiacha imelalia sahani tangu juma lililopita, ikafanya ubapa. Dawa yake ikawa kuzipitisha rola mara mbili kwa kila kadi, na mkono wangu wa kulia ukalipa.

Ikabaki taabu ya wino wenyewe. Mkebe ulikuwa wa zamani, una utando juu, na chini yake wino mzito unaong'oa nyuzi za karatasi. Chupa ya mafuta ya kulainishia nikaitikisa, tupu. Mtu wa kwingine angefunga duka akamsubiri mzee. Lakini mimi Mpemba. Kwetu jino likiuma ni mafuta ya karafuu, tumbo likisokota ni mafuta ya karafuu, na kichupa nilikuwa nacho mkobani. Nikadondosha tone moja. Wino ukaanza kutii. Nikaongeza sita.

Wallahi, sijapata kuona chapa nzuri kama ile. Kila herufi imekaa mahali pake, nyeusi, inang'aa, na chumba kizima kinanukia. Nilichapa kadi mia hadi alasiri, nikazitandaza kila penye nafasi, nikaenda nyumbani nikitembea kwa maringo. Siku hiyo niliamini kwamba mzee alikuwa ananifichia ufundi.

Asubuhi yake nikaokota kadi, na jina la bwana harusi likahamia kwenye kidole gumba changu. Nikasema umande. Nikafungua madirisha. Jioni nikagusa nyingine, wino ule ule, mbichi. Siku ya tatu, Alhamisi, mzee akarudi. Alisimama mlangoni, akanusa, hata salamu hakutoa.

"Nani aumwa jino humu?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mwanangu, mafuta ya karafuu huuzuia wino usikauke. Sisi hutia tone moja kwenye rola tukienda kula. Weye umetia saba! Kadi hizo zitakauka wajukuu wa dada yako wakiolewa."

Hapo nikalia, na sikuona haya. Dada yangu hakuwa mtu wa kuomba vitu. Jambo moja tu aliniomba, nami nimelivuruga. Mzee akaacha kucheka, akaokota kofia yake.

"Tafuta poda," akasema. "Poda ya kujipaka, yoyote. Ipitishe kwa pamba, kisha kung'uta."

Poda ilikuwa nyumbani, na mwenye poda ni mama. Nikaingia na masinia mawili ya kadi, nimejiandaa kusemwa, na nikasemwa kweli. Nani kaniamuru? Watu watasemaje? Mtu mzima kama yule na kadi? Kisha akaiona moja imeipaka wino kanzu mpya ya kaka yetu iliyotundikwa hapo, akapiga kelele, akaenda mwenyewe kuleta kopo. Tukakaa juu ya jamvi, yeye anapaka poda, mimi nakung'uta. Mng'aro ulipotea, lakini wino haukushika tena mkononi. Midomo ya mama haikutulia kwa lawama, wala mkono wake haukusimama kupaka.

Dada alirudi toka shamba tukiwa nusu ya kazi, nyuso zetu nyeupe. Aliokota kadi moja, akalisoma jina lake kwa sauti, polepole, kisha akaitia kwenye bahasha, akanipa.

"Hino ya mwanzo iandike jina langu."

Mama akacheka. "Ajabu gani hino? Bi harusi hualikwa harusini kwake?"

"Ile ya kwanza sikualikwa, mama," dada akasema, bila ya ukali wowote. "Nilirudi toka kisimani na ndoo, nikakuta watu washakaa kuniozesha."

Mama alijifuta poda kwenye kanga, akanipokonya bahasha na kalamu, akaliandika jina la mwanawe yeye mwenyewe, kwa zile herufi kubwa kubwa alizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Kisha akasimama, akampa kadi kwa mikono miwili, akasema, "Tunakualika."