Ukuta wa Matundu

Nabiha alimuuguzia mumewe katika darasa alilosomea mwenyewe. Alipokuwa msichana, shule ile ilikuwa mpya, nyeupe pee, na watu wa Aden walitoka jioni kwenda kuitazama kama wanaokwenda kumtazama bibi harusi. Madirisha haikuwa nayo. Upande mzima wa kila darasa ulijengwa kwa matofali ya matundu, kutoka chini hadi darini, ili jua libaki nje na upepo wa baharini upite. Nabiha aligombania dawati la ukutani, akakaa kabandika shavu kwenye tundu, na mwalimu akimfokea, "Wewe! Huo upepo ndio utakaokufanyia mtihani?"

Aliolewa mbali, pwani ya Tihama, na mwoka mikate aitwaye Futayni, mtu wa mzaha. Moshi wa tanuri ulimla mapafu pole pole. Vita vilipowafukuza kwao walirudi Aden pamoja na mtoto wao, Hizam, mwanamume mzima wa kufanya kibarua cha ujenzi. Shule ilikuwa imejaa wakimbizi, kila darasa familia moja. Tangi la maji liliwekwa uani, na wanaume walipanga foleni papo hapo, mbele ya ukuta wao.

Futayni aliegemea matundu mchana kutwa, na kifua kikampa nafuu. "Mama Hizam," alisema, "aliyejenga hapa Mungu ampe pepo. Alijua nakuja."

Siku moja sauti ikatoka kwenye foleni: "Mama Hizam! Leo samaki! Na sisi je, hatukaribishwi?"

Watu wakacheka. Masihara tu, jamani, hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini aliyemwona samaki alimwona na mpishi, kichwa wazi, nguo imemganda kwa jasho. Hizam alisikia, uso ukamwiva. Kesho yake alirudi na saruji, akaziba matundu yote, hata ya juu. Wala tusimpake matope peke yake. Nabiha naye aliona haya, akamshikia ndoo.

Loo, joto lililoingia humo! Umeme hakuna, mlango umefunikwa pazia zito. Futayni alilala kinywa wazi, mbavu zikipanda na kushuka.

"Miaka yote nimeoka mikate," alisema, "leo zamu yangu."

"Nyamaza wewe. Hujaiva bado."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia akamshika mkono. "Tundu moja tu, Mama Hizam. Moja."

Jioni Nabiha alimwambia mwanawe. "Toboa moja, mwanangu. Baba yako anakosa pumzi."

"Mama, unataka watu waseme nini? Kwamba Hizam kashindwa kumsitiri mama yake?"

"Baba yako je?"

"Nitamletea dawa. Kesho tukilipwa."

Nabiha alirudi kando ya mgonjwa. Mchi wa shaba ulikuwa pale pale kando ya kinu, na mikono yake ilikuwa mizima. Alimpepea mumewe kwa kipande cha boksi mpaka bega likafa ganzi. Aliogopa macho ya watu, basi, hakuna jina jingine la kulipa jambo lile.

Kesho yake adhuhuri, Hizam akiwa kazini, Futayni alikata roho huku ameelekeza uso ukutani.

Walimzika alasiri. Nabiha akakaa eda chumbani. Hizam alilia sana, na asubuhi moja, akitafuta neno la kumfariji mama yake, alisema, "Hata hivyo, Mama, afadhali ukuta upo. Uko edani, hakuna jicho litakalokuona."

Nabiha alimtazama. Kisha akainuka, akachukua mchi, akaanza kupiga. Saruji ilikuwa nyembamba, ilimeguka kama ukoko wa mkate. Uani foleni yote iligeuka kutazama.

"Mama! Mama, watu hao!"

"Waache waone."

Hizam alimshika mkono, akauachia, akarudi nyuma. Tundu la kwanza lilizibuka, la pili, la tatu. Upepo ukaingia kwa nguvu, wa baridi, wenye chumvi, ule ule wa utotoni, ukalipeperusha pazia la mlangoni. Nabiha akageuka na furaha usoni, mchi mkononi.

"Baba Hizam," aliita, "sogea huku!"

Godoro lilikuwa limekunjwa tangu siku ya mazishi.