Mdomo wa Pili wa Baba Mdogo

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa napiga taipu katika duka moja mjini Kericho. Mwajiri wangu, mzee aliyestaafu udereva wa lori la majani chai, akanunua printa ya leza ya rangi na kutangaza kwamba ndiyo ya kwanza mjini. Sikuuliza nani alihesabu.

Mashine ile ilikuwa na adabu kumshinda mwenyewe. Kila asubuhi ilinguruma dakika kadhaa bila kutoa karatasi. Fundi aliyeileta kutoka Nakuru alinieleza kwamba inajipima. Ndani mna mkanda. Inaupaka viraba vidogo vya rangi zake nne, nyeusi, samawati, waridi na manjano, halafu jicho la mwanga linaangalia kama unga wa wino umekolea au umepauka. Kisha inachora mistari kuona kama rangi zinakaliana sawasawa, moja juu ya nyingine. Ikiridhika, inapangusa mkanda na kuanza kazi.

Kwenye kidirisha iliandika kwa Kiingereza kwamba inakalibreti, yaani inajipima. Mzee akasoma inaselebreti.

"Inaselebreti nini na kazi haijaanza?" aliniuliza kwa uchungu kabisa. "Ng'ombe akila unga lazima akamuliwe. Ikianza hiyo sherehe yake, finya hapo pa kusimamisha."

Nilijaribu kumweleza mara moja. Akaniambia ameendesha lori miaka mingi na hakuna mashine iliyowahi kumfundisha kazi. Basi nikafinya wiki nzima, maana mkono mtupu haulambwi, na waliotaka kiti changu walikuwa wengi.

Wiki hiyo ndiyo baba mdogo alikuja. Ndiye aliyenisomesha taipu baada ya baba kufa, kwa majani aliyochuma kwa mikono yake. Alikuwa anagombea uenyekiti wa kituo chetu cha kuuzia majani, upande wa Bomet, na ahadi yake ilikuwa moja tu: kila asubuhi, kabla ya kikapu cha mtu yeyote, karani atundike jiwe la uzito unaojulikana, wakulima waone kama mizani inasema kweli. Majani ya mama yangu yalitoka nyumbani mengi, yakafika kwenye mizani ile machache, sijui yalichoshwa na safari.

"Andika MIZANI IPIMWE KWANZA," alisema. "Na picha iwe ya rangi, mwanangu. Watu wapange laini nyuma ya sura wanayoijua."

Mashine ikaanza kunguruma. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Nikafinya.

Bango lilitoka rangi ya shati imehamia nje ya bega, na chini ya mdomo mweusi kumekaa mdomo mwingine wa waridi. Mzee alilitazama akasema linapendeza, lina nguvu. Moyo wangu ulikuwa unanisuta, lakini nikalikabidhi lilivyo. Baba mdogo, ambaye miwani yake ilibaki nyumbani, alilikunja kwa heshima akaondoka nalo.

Siku ya uchaguzi mabango yaliinuliwa juu ya vijiti, kila mtu akaambiwa apange laini nyuma ya anayemchagua, wahesabiwe. Laini yetu ilikuwa ndefu, ilifika mpaka kwenye majani chai. Mpinzani wake, shemeji wa karani wa mizani, alikuwa na picha ya zamani isiyo na rangi, mdomo mmoja. Akanyoosha kidole kwenye bango letu.

"Watu wetu, mmewahi kuona ndumilakuwili akijichora mwenyewe?"

Walicheka mpaka wengine wakainama. Halafu laini ikaanza kumegeka kutoka nyuma. Jirani yetu, aliyekuwa akiilaani ile mizani kila siku ya Mungu, alihama akijipangusa machozi ya kicheko. Tulibaki mimi, mama, na wachache wasioona vizuri. Mtu mnyofu kuliko wote niliowahi kujua alishindwa kwa sababu ya midomo miwili.

Tukirudi nyumbani baba mdogo aliniuliza, "Ile mashine yenu, haikupimwa kwanza?"

"Hujipima yenyewe, baba. Mimi ndiye niliyeizuia." Nilikuwa nalia sasa. "Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu."



"Hata karani wa mizani," akasema, "huniambia hivyo hivyo."