Hatua Zangu za Kyuso

Rubani alinipigia simu Jumatatu, sauti haina mzaha. "Mzee, jana nimeruka Kyuso magurudumu yakikaribia kugusa uzio. Huo uwanja wa ndege uliupima kweli?"

Niliupima mwenyewe miaka mitatu nyuma, kwa hatua za miguu, nikaandika mita elfu moja na kutia sahihi. Kwa namba hiyo yeye hujaza tangi la dawa ya kuua kwelea, wale ndege wadogo wanaomaliza mtama.

Jumanne alfajiri niliondoka Kalamba na utepe wa kupimia mkobani. Kitui mjini niliagiza chai na andazi, andazi likanishinda. Kutoka Mwingi kuelekea kaskazini, karibu kila shamba lilikuwa na mtu anayepiga debe kufukuza kwelea.

Saa tisa alasiri nikafika Kyuso. Mwenyeji wangu, Mama Mwende, ambaye shamba lake limepakana na uwanja, alinishikia ncha ya utepe. Tulipima mara mbili kwenye jua kali. Mita mia nane na hamsini.

"Sasa ukisema ni fupi, ndege haitakuja?" akauliza.

"Itakuja, lakini ipakie nusu ya dawa. Kwa joto hili haiinuki haraka; ikijaa itagonga uzio."

"Na hiyo nusu itafika kwangu?"

"Sijui, mama." Nilitamani kumdanganya.

Jumatano jioni ndege ilikimbia, ikavuta vumbi, ikainuka mapema na kupita juu kabisa ya uzio. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Dawa ilitosha miti ya upande wa mto, walikolala kwelea wengi. Wale wa upande wa Mama Mwende walibaki.

Alhamisi asubuhi walishukia mtama wake. Hadi saa nne masuke yalikuwa matupu. Niliona aibu hata kumpa pole.

Alinisindikiza stendi hata hivyo. Nikamweleza yote: rubani angekufa kwa namba yangu, na yeye mwenyewe alipanda mtama akitegemea ndege iliyojaa dawa.

"Kwa nini ulipima na miguu?"

"Wingu lilikuwa limejaa, na utepe huchukua muda. Niliogopa kunyeshewa."

Aliangalia shamba lake, kisha akanigeukia.

"Mzee, huku kwetu mvua hatuikimbii."

Siku hizi napima kwa utepe, hata kukinyesha.