Maji ya Kurudia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la baiskeli pale Kensington, huku kusini mwa Afrika, meneja hakuniuliza cheti. Alinipa tairi lililojaa miiba akataka limrudie likiwa linashika upepo. Niling'oa miiba kwa koleo, nikasugua tyubu kwa msasa, nikapaka gundi, nikangoja ikauke kabla ya kubandika kiraka. Vijana wengi hawangoji, ndiyo maana kiraka kinabanduka njiani. Meneja aliniona ninavyongoja, akaniajiri.

Duka lile lilikuwa pia likipeleka wateja kuendesha baiskeli jangwani Kalahari: watu wa benki, walimu wa chuo kutoka Braamfontein, watu waliochoshwa na teksi na kusimama kwenye robot, yaani taa za barabarani. Baadaye nikahamishiwa huko, chini ya msimamizi wa kambi, Mrundi mtu mzima tuliyemwita Mzee tu. Mimi ni wa Kigoma, kwa hiyo Kiswahili kilitukutanisha haraka, ingawa alikuwa mkali, eish, mkali kwelikweli.

Nani aliwaambia jangwa ni joto tu? Kabla jua halijachomoza vidole vinakufa ganzi kwenye breki, hewa ni nyepesi, na baiskeli inakwenda kama yenyewe. Niliipenda sana saa ile. Na niliiogopa, maana jua likishapanda kule ni tanuri, na aliye mbali na kivuli hana ujanja.

Kwa hiyo Mzee alikuwa na sheria zake. Tulianza safari tukielekea upepo, ili utusukume wakati wa kurudi tukiwa tumechoka. Chupa tulizivisha soksi za sufu zilizoloweshwa, maji yasichemke. Tena kila chupa ilifungwa uzi katikati: maji ya juu ya uzi ni ya kwenda, ya chini ni ya kurudia. Yakifika kwenye uzi unageuza, hata kama mbele unaona pazuri namna gani.

"Ya kurudia hayaguswi," aliniambia, "hata ukinililia."

Asubuhi moja alitoka peke yake kukagua njia kabla wageni hawajaamka. Hakurudi. Chai yake ikapoa. Wageni wakawa wananiuliza tunaondoka saa ngapi, nami nawajibu bado kidogo. Simu kule hazishiki mtandao. Jua lilipoanza kuuma mabegani nilishindwa kuvumilia. Nikawakataza wageni kutoka kivulini, nikawasha gari, nikafuata alama za tairi lake nikimwomba Mungu upepo usizifute.

Nilimkuta ameketi kando ya kichaka kisichotosha kumfunika kuku. Mnyororo wa baiskeli ulikuwa umekatika. Midomo ilikuwa imepasuka, ngozi ya moto na kavu, hatoki hata jasho. Chupa ilikuwa mapajani mwake, imevuliwa soksi, na maji yamesimama sawasawa kwenye uzi. Nikaipeleka mdomoni mwake, akaisukuma.

"Hayo ni ya kurudia," akasema.

Nikamwonyesha gari, nikamtajia jina langu, nikamwambia madumu yamejaa. Hakunitambua. Kila nilipoinua chupa alifumba mdomo. Nikapiga magoti, nikamshika kichwa.

"Mzee, tumesharudi. Tuko kambini. Kunywa."

Akafumbua mdomo. Kisha akanywa kidogo kidogo, nami nikimmwagia maji mengine kichwani na kifuani, halafu nikamkimbiza hospitali. Alipona, lakini wanawe walimchukua na hakupanda baiskeli tena. Nikapewa nafasi yake. Uzi niliuacha, ila nikaongeza sheria moja: ukishindwa kuendelea, kunywa yote, tutakufuata. Kwa miaka yote niliyosimamia kambi ile, sikunywa chai kabla mgeni wa mwisho hajarudi.

Sasa nimerudi mjini, naishi Bellevue, na ninyi vijana mnaotoka na baiskeli zenu alfajiri mnaniuliza kwa nini nilistaafu nikiwa na miguu mizima. Meneja naye aliniuliza hivyo hivyo. Nitawaambia nilichomwambia yeye. Siku moja nilipanda baiskeli kule alfajiri, wageni wakiwa nyuma yangu, baridi tamu, mchanga mwekundu umetulia, nikajikuta siogopi kitu chochote, hata uzi wa chupa sikuutazama. Nilipowafikisha kambini, nikaomba kuacha kazi.