Utani wa Msibani Niliouandika Nusu

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na hata leo mkono wangu huenda polepole.

Mwanangu unayetaka kuandika hadithi, iko siku moja huko kijijini kwetu Mchinga ambayo sijaisahau. Nilikuwa msichana mwenye haya, sisemi mbele za watu. Mabasi ya Dar yalikuwa yameanza kutuletea magazeti ya hadithi pamoja na marobota ya mitumba, nami nikaandika hadithi yangu, nikatamani itoke humo. Mwalimu wangu wa zamani aliisoma akacheka. "Binti, watu wako wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari! Nenda kasikilize watu." Nikanunua daftari. Kila niliposikia mazungumzo, niliyaandika kama yalivyo.

Jirani yetu Bakari akafariki. Nilikaa ndani na akina mama, kwa mjane wake Bi Zuhura, ambaye tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni. Akaingia Bi Mwanahawa, mtani wa ukoo wao, na watani unawajua, msibani hawana simile, kazi yao kumchekesha mfiwa.

"We Zuhura mchawi, umeshammaliza mwenzio! Umeona minazi imezaa, ukasema huyu wa nini tena?"

Bi Zuhura akacheka huku machozi yanamtoka. "Nimemmaliza mimi. Na wewe chako nimeshapika, kaa ule."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na mjane akala matonge mawili. Mimi nikaandika maneno yao na majina yao. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Hatimaye nilikuwa na watu wanaoongea kweli.

Siku ya tatu akafika Hamisi, mdogo wa marehemu, kutoka Dar. Mvua ilikata njia, mazishi yakampita. Akaniona barazani na daftari langu.

"Unaandika nini, mdogo wangu? Hebu lete."

Nikampa upesi. Nilidhani mtu wa Dar atanisifu.

Aliketi akasoma mpaka mwisho. Kisha akainuka, akasimama mlangoni kwa mjane. "Toka! Umemuua kaka yangu na bado unajisifu! Eda kaikalie kwenu Miteja!"

Mwanamke ana siku tatu tu za eda, anafukuzwa kwa mwandiko wangu! Bi Zuhura alikuwa anapapasa kutafuta kanga yake. Akina mama wakapiga kelele kwamba ule ulikuwa utani.

"Utani uko wapi hapa?" Hamisi akalipigapiga daftari. "Nionyesheni!"

Kweli, haukuwapo. Nikajikuta nimesimama mbele yake, mimi nisiyesema.

"Kaka Hamisi, sikuandika kicheko. Sikuandika kwamba yule ni mtani. Bi Mwanahawa aliingia amevaa koti la marehemu, anachechemea kama yeye. Hilo nalo sikuliandika."

Akanitazama. "Anachechemea?"

Nikamwonyesha. Nilichechemea mpaka ukutani na kurudi. Hamisi akaketi pale kizingitini, akalia kama mtoto.

Bi Zuhura akabaki nyumbani kwake. Jioni aliniita. "Mdomo wangu umeuandika," aliniambia. "Macho yangu uliyaacha wapi?"

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza watu, hapo ndipo utakapojifunza. Ila neno la mtu usiliache peke yake kwenye karatasi. Andika nani kalisema, kamwambia nani, na uso wake ulikuwaje. Majina ya watu yafiche. La msibani au la chumbani kwa mtu, muombe kwanza mwenyewe, na akikataa, liache.

Mungu akufungue masikio, aulainishe mkono wako, na mtu yeyote asitolewe nyumbani kwake kwa ulichoandika.

Nawe niandikie. Niletee hata mistari mitatu ya watu wako wakizungumza. Nitaisoma polepole, lakini nitaisoma yote.