Gari Geni Liulizwe Lilikotoka

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo kila nikiikumbuka hujikuta nimeinamisha kichwa, hata nikiwa peke yangu jikoni. Ndiyo Jumapili ambayo gari langu la kwanza liliombewa katika uwanja wa kanisa letu hapa Arusha, nami nikamvunjia heshima mtu aliyenipenda, mbele ya washarika waliokuwa wakitoka ibadani. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia ukibishana na wenzako sebuleni kwangu. Mmoja anasema agiza Japani, ya hapa yameshachoka. Mwingine anasema nunua lililotumika hapa hapa, barabara zetu linazijua. Nami nikanyamaza, nikaendelea kumenya ndizi zangu. Sikunyamaza kwa kukosa la kusema.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minane, nafundisha chuoni, na nilikuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kumiliki gari. Lilikuwa dogo, jeupe, limeagizwa Japani kupitia wakala. Viti vilikuwa bado na nailoni. Kila nilipowasha, sauti ya mwanamke ilinisemesha Kijapani kutoka mahali fulani kwenye dashibodi, nami nilimwitikia, "Asante, dada." Kilomita zilizoonekana pale zilikuwa chache mno, hata wakala akaniambia, "Mwalimu, hili ni kama limetolewa kwenye boksi." Nilimwamini. Unapotaka sana kitu, mwanangu, anayekisifu huonekana mkweli.

Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, alikuwa fundi mwenye gereji yake kule Engutoto. Alikuwa na gari refu la Kiingereza lililonizidi umri. Milango aliichomelea mwenyewe, springi zilifuliwa na wahunzi wa mjini, viti vilishonwa na fundi wa makochi. Hilo ndilo aliloliita gari la nyumbani. Magari yaliyokuwa yakishushwa melini siku hizo, yote kwake yalikuwa wageni, na alipenda kusema yameundwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kununua mkate. Mimi nilijibu moyoni kwamba lake limeundwa kwa ajili ya watu wanaokwenda vitani. Ukweli ni kwamba sote wawili tulisema kwa majivuno, ila majivuno ya kijana yana kelele zaidi.

Mchungaji alipomaliza kuomba, kina mama wakapiga vigelegele. Baba Mdogo akalizunguka gari, akainama na suti yake, akachungulia chini, akagonga tairi kwa ncha ya kiatu.

"Zuri," alisema. "Sasa kesho niletee nilifungue. Mkanda, raba, mafuta. Nilijue kabla hujaanza kulipandisha Momela kwa mama yako."

"Lifunguliwe lina ugonjwa gani, Baba Mdogo?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kulifungua."

Watu wakacheka. Mzee wa kanisa mmoja, aliyezoea kumwita Baba Mdogo "Mangi", akadakia, "Mwachie Mangi alitie nyundo mbili tatu, mwalimu, lizoee!" Kicheko kikapanda, nami nikahisi ninachekwa mimi. Nikasema kwa sauti iliyofika hadi mlango wa kanisa:

"Hili si kopo la kugongwa nyundo kama lile lako. Hili limeundwa na watu waliosoma."

Vicheko vikakatika. Baba Mdogo hakuwahi kupita darasa la saba, na hapakuwa na mtu pale asiyelijua hilo. Alijipangusa mikono, ingawa siku hiyo ilikuwa safi. "Haya, mwanangu," alisema. "Mungu alitunze." Akaondoka kwa miguu, akiliacha gari lake pale pale, kana kwamba ameona haya kulipanda mbele yetu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ile mimi nilikuwa kwenye unyemi.

Mama yangu aliishi kwenye shamba aliloachiwa na baba, upande wa Momela. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa giza na lenye maumivu, la kulia lilibakiza kivuli tu. Madaktari bingwa wa macho walikuwa wamekuja kwa siku chache katika hospitali moja ya mjini, na mama alipangiwa Ijumaa, siku yao ya mwisho. Tuliambiwa afike kabla ya saa sita mchana. Kwa miaka yote hiyo aliyekuwa akimpeleka mama hospitali alikuwa Baba Mdogo. Safari hii pia, pamoja na yote niliyomtendea, aliniletea ujumbe kupitia shangazi: atamfuata Alhamisi, alale mjini, asubuhi asiwe na haraka. Nikarudisha jibu kwamba mama hatapanda tena kopo, nitamfuata mwenyewe Ijumaa asubuhi. Ona, mwanangu, neno baya likishatoka mara moja, mara ya pili linatoka bila kubisha hodi.

Ijumaa nilimkuta mama amevaa kitenge chake cha sikukuu, anasubiri mlangoni. Nikampakia. Akapapasa kiti.

"Mbona hujaitoa hii nailoni?"

"Kiti kisichafuke, mama."

"Sasa mimi nateleza kama samli kwenye kikaango."

Tulikuwa tunacheka hivyo, tukipanda kilima kimoja kabla hatujafika lami, gari lilipozimika. Halikupiga kelele wala kutoa moshi. Lilinyamaza tu, kama mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi. Nikajaribu kuwasha. Injini ikazunguka kwa wepesi wa ajabu, kama kinu kisicho na nafaka, na haikushika. Yule dada wa Kijapani akanisemesha kwa upole wake ule ule.

"Tumefika?" mama akauliza.

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi maishani, lakini hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Hakuwa akiona kwamba tuko porini.

Simu haikuwa na mtandao. Pikapu mbili zikapita zimejaa nyanya hadi juu, na watu wamekaa juu ya matenga. Askari wa wanyamapori aliyekuwa kwenye pikipiki ndiye aliyebeba ujumbe wangu hadi penye mtandao, akampigia Baba Mdogo. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mama hakulalamika. Alikaa amekunja mikono mapajani, kila baada ya muda akiuliza saa ngapi, nami nikimpunguzia dakika kwa aibu.

Saa sita na robo tukaisikia ile ngurumo kabla hatujaliona gari lenyewe.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Mama yuko wapi?" Hakulitazama gari langu hata kidogo. Akamfungulia mama mlango, akamshika mkono. "Karibu, shemeji. Panda kopo."

Mama akacheka sana, maana alidhani ni utani wa shemeji yake. Mimi nilipanda nyuma, nikautazama mgongo wa Baba Mdogo njia nzima, na lile gari la kopo likameza kila jiwe.

Tulifika hospitali karibu saa nane. Muuguzi alitutazama kwa huruma. Madaktari walikuwa wamemaliza, wanafunga vifaa, na nafasi ya mama ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. "Poleni, mama. Mungu akipenda watarudi mwakani."

"Nani kapewa nafasi yangu?" mama akauliza.

"Babu mmoja ametoka Terrat. Analea wajukuu."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Basi haikupotea."

Keshoye gari langu lilivutwa hadi Engutoto. Baba Mdogo akalifungua, akanionyesha mkanda wa taimingi, ule unaofanya vyuma vya injini vipokezane bila kugongana. Ulikuwa umekatika, mkavu kama gome, na valvu zilikuwa zimepinda. Kisha akaufunika mkono wake kwa kitambaa, akafuta karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya boneti. Nilikuwa nimeiona tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni tangazo la mafuta.

"Maandishi haya ni ya kwao, mimi siyajui," alisema. "Lakini namba ni namba. Soma, msomi."

Nikasoma. Zilikuwa, alivyonieleza kwa uzoefu wake, kilomita ambazo mkanda ule ulibadilishwa kwa mara ya mwisho, na chini yake tarehe ya miaka mingi nyuma.

"Sasa kasome za dashibodi."

Za dashibodi zilikuwa chache kuliko zile za karatasi. Nilirudia kusoma mara tatu, kana kwamba zingeona haya na kubadilika.

"Gari halirudi utotoni," Baba Mdogo alisema. "Kuna mtu alilirudisha."

Nikaanza kuwalaani Wajapani wote, magari yao yote na meli zilizoyaleta. Hapo ndipo aliponikemea, na sikutegemea kukemewa kwa upande huo.

"Wee! Usimtukane aliyeliunda. Aliyeliunda kafanya kazi yake, na aliyekuwa nalo kwao kaandika ukweli hapa, kaubandika. Katikati kuna mwongo, hatumjui. Gari lenyewe si baya. Ni mgeni, na mgeni huulizwa katoka wapi, anaumwa nini. Wewe ulimpokea kwa vigelegele, ukasahau kumuuliza."

Mama akahamia kwangu, asubiri mwaka mwingine. Usiku na mchana kwake vilikuwa kitu kimoja. Nilikuwa nikimkuta akipapasa ukuta wa korido kwa viganja, akihesabu milango. Siku moja akaniuliza kama nimekwenda kwa shemeji yake.

"Nilishamwomba radhi kwa simu, mama."

"Kwa simu? Ulimtukana kwa simu?"

Nikainuka kutafuta viatu.

"Kata isale hapo nje. Na usimfuate nyumbani kwake. Ulipomtukania palikuwa na watu."

Sisi Wachaga, mwanangu, isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani. Ukimkosea mtu ukamletea jani hilo, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Ni jani jepesi, lakini siku ile nililibeba kwa mikono miwili barabarani kama aliyebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Niliingia gereji saa nne asubuhi, mafundi wote wapo. Nyundo zikaacha kulia moja baada ya nyingine. Nikapiga goti kwenye sakafu ile ya mafuta.

Baba Mdogo alilipokea. Akasema kwa sauti ambayo mafundi wenzake waliisikia:

"Na mimi nina langu. Jumapili ile niliondoka nikiomba likuzimikie njiani. Sikutamka kwa mdomo, lakini niliomba. Sikujua kwamba shemeji atakuwa ndani." Akageuka upande, akajipangusa uso kwa mkono wa ovaroli. "Haya, inuka. Nishikie taa, nifunge valvu."

Nilimshikia taa kwa siku nyingi, kila nilipotoka chuoni, na nikajifunza mengi kuliko niliyojifunza kwenye vitabu vya mwaka mzima. Nikagundua kwamba gia boksi ya lile gari lake la nyumbani ilitoka kwenye gari la Kijapani.

"Baba Mdogo, kumbe na wewe una mgeni ndani!"

"Huyo si mgeni," akanijibu bila kuinua kichwa. "Huyo kaolewa."

Nililitafakari jibu hilo kwa muda mrefu. Hata hilo gari lake lilishuka melini zamani, likiwa geni kama langu. Kilicholifanya la nyumbani ni kwamba kila msumari wake ulikuwa na mtu aliyeujua.

Madaktari walirudi mwaka uliofuata. Tulimpeleka mama kwa gari langu jeupe, siku mbili kabla, Baba Mdogo akiendesha mwenyewe. Walipomfungua bandeji, mama alinitazama kwanza mimi, akakunja uso. "Umekonda hivi na hukuniambia?" Kisha akamgeukia Baba Mdogo. "Na wewe, shemeji, mvi zote hizo umezipata lini?"

Lakini lilikuwa jicho moja tu, la kulia. La kushoto daktari alisema presha ya ndani ya jicho ilikuwa imeshaharibu mshipa wake. "Mngekuja mwaka jana, pengine," alisema, akiwa hajui anasema na nani. Mama aliishi na jicho hilo moja hadi alipotutoka, na hakuwahi hata siku moja kunitajia lile la pili.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiniuliza ununue la nje au lililotumika hapa, sitakuchagulia. Nimeona ya Japani yakidumu hadi watoto wa mwenye gari wakaoa, na nimeona ya hapa yaliyopakwa rangi juu ya kutu. Usiache mbachao kwa msala upitao, ni kweli, lakini hata mbachao huo mtu aliusuka na kuna siku ulikuwa mpya. Lolote utakalonunua, mpe anayejua alifungue kabla hujampakia unayempenda. Soma kila kilichoandikwa ndani yake, hata kama herufi ni za watu wengine. Na mtu mwenye mikono ya grisi akikuambia neno kuhusu kazi yake, usimpime kwa darasa aliloishia. Ukiwa umeshamkosea, usimwombe radhi mahali pa siri kwa kosa la hadharani, na usingoje hadi mambo yaharibike. Mimi nilingoja, na aliyelipa alikuwa mama yangu.

Mungu akupe chombo kinachowaka asubuhi za baridi ya Meru, akupe na mtu wa kukuambia ukweli wake kabla hujakanyaga mafuta. Akulainishie shingo, igeuke unapoitwa. Na kila utakayempakia, mwanangu, akafike aendako akiwa mzima, na akafike kwa wakati.