Wimbo wa Mtoni Sokoni Kanduyi

Ipo siku moja ya soko pale Kanduyi, Bungoma, ambayo nikiikumbuka, mwanangu, bado nausikia ukimya ulioshuka redio ilipozimwa. Nilikuwa nimesimama kando ya meza iliyopangwa kaseti za ndugu yangu mdogo, Wafula, ambaye miaka hiyo ya elfu mbili mji wa Kitale ulimjua kwa jina la Kengele. Chuo kikuu nilichosoma kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo, nami nikarudi nyumbani na kuwa mchukuzi wa maboksi yake.

Kwanza nikueleze alivyofika hapo. Albamu yake ya kwanza aliirekodi Kitale, katika chumba kilicho nyuma ya duka la kanda, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Muziki wake ulikuwa wa kufokafoka, na alifoka juu ya mambo aliyoyajua: mahindi yanayoozea ghalani huku mnunuzi akijificha, akina mama wanaovuka mpaka wa Uganda pale Lwakhakha na mizigo kichwani, baba yetu na baiskeli yake iliyokataa kufa. Watu waliinunua, vijana wakaikariri. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisemi kwamba Wafula alilegea. La, aliifanyia kazi albamu ya pili kwa bidii kuliko ya kwanza, hata akaiachilia nafasi yake ya chuo cha ualimu. Maji aliyoyatia yalikuwa hofu. Aliogopa kwamba safari hii maneno yake peke yake hayangetosha.

Kwetu, mwanangu, kuna wimbo ambao una asubuhi yake. Huimbwa alfajiri, Agosti ya msimu wa tohara, kijana anapotoka mtoni mwili umepakwa tope, akirudi nyumbani kukikabili kisu cha tohara. Hauimbwi harusini, hauimbwi shambani, wala haupigiwi mluzi njiani. Katika ukoo wetu aliyeuongoza ni mjomba wetu wa Lugulu, ndugu yake mama, tuliyemwita Khocha kama ilivyo desturi. Msimu wa tohara uliotangulia, Wafula alificha kinasa sauti ndani ya koti, akamfuata Khocha kutoka mtoni hadi nyumbani, akainasa sauti yake. Kisha akaifanya kiitikio cha wimbo uliobeba albamu nzima, na albamu yenyewe akaiita Mtoni.

Mimi niliusikia ukiwa tayari umetolewa nakala, nikasisimka. Ilikuwa kazi nzuri, na hadi leo naamini hivyo. Kitale, mji unaokutanisha watu wa kila kabila, albamu iliuzwa vizuri mwanzoni. Wafula akaona kwamba Bungoma, kwa watu wake mwenyewe, ndiko ingeshangiliwa zaidi.

Basi pale Kanduyi akaongeza sauti ya redio. Kiitikio kilipoingia tu, mama aliyeuza nyanya meza ya pili akasimama.

"Wewe kijana, zima hiyo kitu!"

"Mama, si ni muziki tu? Sikiza kwanza."

"Nisikize nini? Ati unaniletea asubuhi ya kisu hapa kwa nyanya! Mtoto wangu hajafika miaka, na wewe unamuitia mtoni Novemba?"

Mwendesha bodaboda mmoja, akiwa bado juu ya baiskeli yake, akadakia, "Kengele, si ungekuja na ngariba pia, bana, tumalize kazi hapa hapa!"

Watu wakacheka, na hata Wafula akajaribu kucheka. Ndipo mzee mmoja nisiyemjua akaja polepole, akaizima redio kwa mkono wake mwenyewe, akaondoka zake. Kicheko kikafa. Hakuna aliyetutukana, hakuna aliyenunua. Habari zikatutangulia kila tulikokwenda, na maduka yaliyokuwa yamepokea maboksi yakayarudisha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikiona chema kikitembezwa mji mzima na kukosa mnunuzi, kwa sababu ndani yake kilikuwa na kitu kisichokuwa cha kuuzwa.

Wafula hakuhuzunikia mauzo tu. Alihofia kwamba watu waliompa maneno yake hawangetaka kumsikia tena maishani.

Tukaenda Lugulu. Khocha alikuwa ameketi mbele ya nyumba akipukuchua mahindi.

"Khocha, nimekuja."

"Nimekuona. Hata ile asubuhi nilikuona, na koti lako kubwa. Nikadhani una homa."

"Nisamehe."

"Kwanza niimbie hiyo kitu yako. Lakini mimi uniache nje."

Wafula akasimama pale uani, bila mdundo, bila kiitikio, akaanza kufoka. Khocha aliendelea kupukuchua. Katikati ya ubeti wa mwisho, mikono yake ikasimama.

"Haya maneno yana miguu yao," akasema. "Kwa nini uliyapandisha mgongoni kwangu?"

Wafula akachuchumaa mbele yake.

"Ile sauti hata mimi si yangu, mwana wa dada. Naiazima alfajiri, nairudisha kabla jua halijakuwa kali. Wewe umeifungia kwa kaseti, ati iimbe hata mtu akikaanga samaki."

Hakumlaani. Wafula akazikusanya kaseti zilizosalia, akairekodi albamu upya bila sauti ya mjomba. Nisikudanganye: haikununuliwa. Soko lilikuwa limeshaipa jina, kaseti ya kisu, na jina la soko halifutiki. Lakini msimu wa tohara uliofuata, Khocha alimwita, akamweka nyuma kabisa ya msafara. "Wewe itikia tu," akamwambia. Nilitembea kando yake kutoka mtoni. Sauti iliyozoea kipaza sauti ilizama katika sauti za watu, nisiweze kuitenga. Tulipolikaribia lango la nyumbani, miguu yake ikiwa imejaa tope, akaniambia, "Leo ndio nimeusikia huu wimbo."

Nakuandikia haya, mwanangu, kwa kuwa najua nawe unaandaa kazi yako ya pili, na sifa za ile ya kwanza zinakukosesha utulivu. Hofu ya kusahaulika ikikushika, usikimbilie kuchukua kilicho kitakatifu kwa watu wako ili kikuinue. Kiulizie kwa wenyewe. Wakikukatalia, kubali, wakikuweka nyuma, itikia. Yaache maneno yako yatembee kwa miguu yao, hata kama yatafika wachache. Soko likikukataa, utapata siku nyingine ya soko, lakini radhi ya waliokulea haina duka.

Mungu akulinde na sifa kama anavyokulinda na shida. Akujalie ulimi wa kusema na sikio la kuitikia, na siku utakaporudi nyumbani na kazi yako mkononi, ukute watu wako wamekuachia nafasi katika msafara.